Msako wa Ghafla Utakuwa Jumamosi

Tangazo lilitoka Jumatano. Othmar, mtendaji wa kijiji chetu, alipakiwa nyuma ya pikipiki na spika yake ya mkono, wakapanda kutoka kwenye kiwanda cha kumenya kahawa mpaka huku kwetu mlimani, huku anapaza sauti:

"Wananchi wote mnatangaziwa! Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi, kutakuwa na msako wa ghafla wa dawa za kulevya, nyumba kwa nyumba! Narudia, msako wa ghafla, Jumamosi, saa tatu! Kila mtu awepo nyumbani kwake!"

Bibi yangu Kunigunda alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, anaota jua. Mwezi wa saba huku Umatengoni, usipoota jua la asubuhi, utaota moto mchana kutwa. Akafungua jicho moja.

"Amesema ghafla?"

"Ndiyo, bibi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi, saa tatu."

"Basi nitajitahidi nishtuke," akasema, akalifumba tena.

Sitaki mtu afikiri Othmar ni mjinga. Mwaka jana, wakati wa mavuno, vijana wanaobeba kahawa walianza kumeza vidonge vya tramado, vile vya kuua maumivu. Ukimeza kimoja, gunia halina uzito. Ukimeza viwili, mlima hauna uzito. Wengine walisema vinavushwa ziwani, vinapandia Mbamba Bay, wengine walisema vinatoka Songea, lakini aliyekuwa anauza alikuwa anajulikana kwa kila mnunuzi na hajulikani kwa kiongozi hata mmoja. Florian, mdogo wake Othmar, tumbo moja, alimeza sijui vingapi akalala chini ya kichanja cha kahawa. Walipokwenda kumwamsha hakuamka. Tulimzika Ijumaa, na Othmar hakulia makaburini. Alisimama tu anahesabu watu kama yuko kwenye mkutano wa kijiji.

Mwaka huu akaanguka Hamphrey. Huyu alidondokea kwenye mashine ya kumenya kahawa, midomo imekuwa ya zambarau, anapumua mara moja halafu anasahau. Akina mama walishaanza kulia na mmoja alishakwenda kuazima sufuria za msiba. Wakambana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, wakamkimbiza hospitali ya misheni, akachomwa sindano moja tu. Akakaa kitako, akauliza nani amechukua viatu vyake vya mvua.

Waraka ukaja kutoka juu: kila kijiji kiunde kamati ya kupambana na dawa za kulevya, na kila kamati iwe na mtaalamu. Othmar alitafuta mtaalamu wiki mbili. Daktari hatuna, mwalimu wa sayansi yuko likizo. Mwishowe akamteua Hamphrey, kwa sababu kijiji kizima ni yeye peke yake aliyekuwa anazijua hizo dawa kwa ulimi.

Sasa, bibi yangu naye alikuwa na dawa.

Ugonjwa wake ni saratani. Ilianzia kwenye titi, ikaenda kukaa kwenye mfupa wa nyonga. Hospitali ya misheni wana Sista Dorothy, muuguzi wa tiba shufaa, yaani wale wanaotibu maumivu pale ugonjwa wenyewe unapokataa kutibika. Yeye ndiye aliyetupa chupa ya mofini ya maji. Akanifundisha kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka mstari wa tano, si juu si chini, kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Akatupa na kadi yenye jina la bibi, na muhuri.

Kabla ya chupa, bibi alikuwa hasemi. Alikuwa anauma blanketi. Baada ya chupa alikaa, akasali, akasimamia maharage yangu kutoka barazani, akatukana kuku, akanirudia bibi niliyemzoea. Kwangu chupa ile ilikuwa ndiyo bibi mwenyewe.

Jumamosi walifika kwetu saa saba, nyumba ya mwisho. Othmar na daftari, Hamphrey na mfuko wa mbolea uliokwishajaa nusu. Hamphrey alikuwa ameshika tumbo.

"Shikamoo, bibi," Othmar akasema.

"Marahaba, mume wangu." Othmar ni mjukuu wa ukoo, kwa hiyo bibi ana haki ya kumtania. "Mbona leo unakuja na shahidi? Umeleta mahari au unakuja kuomba talaka?"

"Bibi, leo ni kazi ya serikali."

"Kwani mimi nimekukataza? Ingia upekue. Chini ya kitanda kuna chungu, usikifungue, utajuta. Na huyu mwenzio ana nini?"

"Ameonja dawa ya kuku ya mama yake," Othmar akasema bila kumtazama Hamphrey. "Alikuwa anahakikisha."

"Ni lazima kuhakikisha," Hamphrey akasema kwa unyonge.

"Na umehakikisha?"

"Ni ya kuku, bibi."

Hawakupekua sana. Chupa ilikuwa juu ya meza, pembeni ya sanamu ya Bikira Maria, mahali ambapo mtu yeyote angeiona. Sikuificha, kwa nini niifiche? Hamphrey akaifungua, akachovya kidole, akaramba. Nikamwona macho yake yanabadilika kama mtu aliyesikia sauti ya mtu aliyewahi kumpenda.

"Hii," akasema, "ndiyo yenyewe. Hii ni baba yao."

Nikaleta kadi. Othmar akaisoma mbele, akaisoma nyuma.

"Huu muhuri ni wa mviringo," akasema. "Waraka unasema kibali cha dawa za aina hii kiwe na muhuri wa mstatili, wa mganga mkuu."

"Kaka Othmar, hii ni hospitali. Ilimpokea bibi, ilimpokea na Hamphrey huyu hapa."

"Mimi sikatai hospitali. Nakataa mviringo."

"Saa nane anatakiwa kunywa."

Hapo alinitazama. Nikaona kama anataka kusema kitu kingine, lakini akaandika kwenye daftari: nyumba ya Kunigunda, chupa moja, baba yao. Akaiweka chupa kwenye mfuko, wakaondoka. Hamphrey alirudi mara moja kuuliza kama choo chetu kinatumika.

Nikamwita jirani akae na bibi, nikateremka mbio. Njia nzima nilikuwa najua wanakoipeleka. Kijiji chetu kina mlango mmoja tu ambao mwizi hauwezi, mlango wa ghala la kahawa la ushirika. Tangu tulipoibiwa kahawa, mlango ule una kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu: Mzee Ignatio mwenyekiti wa ushirika, Clemence karani, na mtendaji. Haufunguliwi ila siku za mizani ya kahawa, Jumanne na Jumamosi, na wote watatu wawepo, na muhtasari uandikwe. Jumamosi ile ilikuwa siku ya mizani. Nilifika kufuli la tatu linalia kwa kufungwa.

"Shikamooni! Naomba msiondoke," nikasema, pumzi hakuna. "Mmefungia dawa ya bibi."

"Marahaba, Avelina," Mzee Ignatio akasema. "Njoo Jumanne."

"Mzee, ni dakika moja tu. Mmesimama hapa hapa, funguo mnazo mkononi."

Clemence akanionyesha daftari lake kwa huruma, kama daktari anayekuonyesha picha mbaya. "Dada, ningefungua. Lakini kikao kimeshafungwa kwa sala."

"Si mfungue tena kwa sala?"

"Ajenda itakuwa ipi?"

Nikamgeukia Othmar. Alikuwa anaweka ufunguo wake mfukoni, anafunga na kifungo cha mfuko, anagusa kifungo kama kimefunga.

"Jumanne," akasema. "Na Jumanne hiyo hiyo vyote vinapelekwa wilayani kuchomwa moto. Kama kuna pingamizi, lije kwa maandishi."

Nikapanda mpaka kwenye mwamba wenye mtandao, nikampigia Sista Dorothy. Alikuwa kwenye kliniki kule Mapera, na gari halikuwepo mpaka Jumatatu. Aliponisikiliza akasema nisimwache bibi peke yake, na kwamba anamtumia mtendaji ujumbe sasa hivi. Ukaenda, kwa herufi kubwa zote. Jioni nikamkuta Othmar anausoma nje ya ofisi.

"Ameandika vizuri sana," akasema. "Tatizo ujumbe wa simu hauna muhuri wa aina yoyote."

Usiku ule siusimulii. Niseme tu kwamba kulipopambazuka blanketi la bibi lilikuwa na tundu jipya, na bibi alikuwa hajatukana mtu tangu jana yake mchana.

Asubuhi nikiwa nachochea moto nikawa nafikiri. Barua yangu haitakuwa na muhuri, Sista hana gari, na Jumanne ni mbali. Nikawafikiria wale watatu wenye funguo, si kama viongozi, ila kama watu niliowapelekea chakula maisha yangu yote. Maana huku kwetu kuna sengu. Wanaume wa ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao wakala pamoja, kila nyumba inapeleka chakula chake, na maneno ya ukoo yanamalizwa hapo hapo. Siku hizi koo nyingi zimeacha, kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa. Ukoo wetu bado, kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Mzee Ignatio, ambaye ni mdogo wake marehemu babu. Clemence anakula hapo. Othmar anakula hapo. Funguo tatu, sinia moja.

Na sengu ina sheria yake. Chakula kikiletwa pamoja na neno, hakiguswi mpaka neno liishe. Wanaume wenyewe ndio walioiweka, ili wasigombane na ugali mdomoni. Ndiyo maana sijawahi kusikia neno la sengu lililozidi nusu saa.

Mama yangu ameolewa Liuli, ziwani, na wiki ile alikuwa ametutumia samaki, mbasa wa kukaushwa, mrefu kama mkono wangu. Huku mlimani mtu anaweza kumaliza mwaka hajaona mbasa wa kiasi kile. Nikamuunga na nyanya na karanga, polepole, mlango wazi, harufu itoke iende mbele yetu. Nilipomweleza bibi nitakachofanya, akafungua macho.

"Utasema nini, wewe mtoto wa kike, mbele ya sengu?"

"Nitasema ni neno lako."

"Neno langu linatembea lenyewe," akasema. "Nibebe."

Kumbeba mgongoni kungemuumiza nyonga. Nikaleta toroli la kubebea kahawa, nikatandika mkeka, blanketi, mto wa kanisani. Akataka kitenge chake cha Wanawake Wakatoliki na rozari. Nikambebesha bakuli la mbasa mapajani, ugali nikaufunga kitambaa nikauweka miguuni pake, tukaanza kuteremka. Watu walikuwa wanatoka misa. Bibi alikuwa anawainulia mkono huku na huku kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara, na kila gurudumu lilipogonga jiwe alilitaja kwa jina.

"Othmar!" Jiwe. "Ignatio!" Jiwe. "Mama yangu, huyu ni Clemence na ukoo wake wote!"

Wanaume walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, kama kumi na wawili, masinia yamepangwa. Hamphrey naye alikuwepo, amenyooka kidogo kuliko jana. Nikapiga magoti, nikaweka ugali, nikaweka bakuli, nikalifunua. Mwanamke akishaweka chakula anaondoka. Mimi sikuondoka, na toroli halikuondoka.

"Karibu, shemeji," Mzee Ignatio akasema. Alikuwa anamtazama bibi kwa jicho moja na bakuli kwa jicho lingine. "Huyu si mbasa wa Liuli?"

"Ni mbasa."

"Basi ni wa Kianglikana, kama watu wa huko. Lakini tutambariki."

"Mbariki, shemeji. Ila nimemleta na neno."

Mikono iliyokuwa imeshatoka ikarudi magotini. Mmoja akaguna.

"Neno gani?"

"Lile mlilolifungia kufuli tatu."

Mzee Ignatio akajikohoza. "Shemeji, hayo ni mambo ya ushirika. Si mambo ya ukoo."

"Nusu ya ukoo huu nimeizalisha kwa mikono hii, hata wewe hapo mwanao nilimkata kitovu mimi, halafu mimi nikiumwa si mambo ya ukoo?"

"Hatujasema hivyo."

"Basi zungumzeni. Mimi nasubiri." Akajilaza kwenye toroli lake, akafumba macho.

Wakazungumza. Mmoja akasema sheria ni sheria, mwingine akasema hata sheria ina bibi yake. Ugali ukaanza kufanya ngozi juu. Hamphrey akasogeza vidole kuelekea bakuli, taratibu, kama mtu anayekamata panzi.

"Aaaah!" bibi akalia.

Vidole vikarudi.

Mara ya kwanza nilijua ni usanii, maana alilia huku ananikonyeza. Baada ya muda mkono wa mtu mwingine ukasogea, akalia tena. Mara hii hakunikonyeza. Alikuwa ameshika ukingo wa toroli mpaka kucha zimekuwa nyeupe, jasho linamtoka, na baridi yote ile. Nikapiga magoti nikamfuta. Wanaume wote waliona. Hakuna aliyesogeza mkono tena.

"Mimi ufunguo wangu huu hapa," Mzee Ignatio akasema, akautupa kwenye mkeka.

"Na mimi sina kinyongo," Clemence akasema, "lakini lazima yafanyike makabidhiano. Orodha yote isomwe, wajumbe waridhie, ndipo mlango ufunguliwe. Vinginevyo kesho mtu atasema ghala limeibiwa na karani." Akachukua daftari la msako kwa Othmar, akavaa miwani. Jana yeye alikuwa kwenye mizani mchana kutwa, orodha alikuwa hajaiona. "Nyumba ya mama Hamphrey: dawa ya kuku, pakiti moja, imeonjwa. Nyumba ya katekista: panado, vidonge kumi na moja, na dawa ya minyoo. Nyumba ya karani Clemence: vidonge vya uzazi wa mpango, karatasi tatu, vilikuwa ndani ya kopo la..."

Miwani ikateremka.

Kila mtu pale alikuwa anajua kwamba Clemence na mkewe wana mabinti wanne, na kwamba Clemence ni mwaka wa pili anasali novena ya Mtakatifu Yosefu apate wa kiume.

"Ndani ya kopo la nini?" Hamphrey akauliza. "Malizia. Mimi ndiye nilivipata."

"La majani ya chai," Clemence akasema kwa sauti ndogo.

"Mtakatifu Yosefu alikuwa anakusikia vizuri tu," bibi akasema kutoka kwenye toroli, macho yamefumbwa. "Ila na mkeo naye alikuwa anasikika."

Mtu mmoja akacheka mpaka akaegemea mwenzake. Clemence akashika daftari tena, maana ni mtu wa utaratibu, akafungua ukurasa wa pili. "Nyumba ya mwenyekiti, Mzee Ignatio. Chini ya mto..."

"Basi!" Mzee Ignatio akasimama. Sijawahi kumwona anasimama bila fimbo. "Orodha imeridhiwa! Nani hajaridhia? Wote tumeridhia. Twendeni tukafungue, mgonjwa anaumia hapa!"

"Endelea, mwanangu Clemence," bibi akasema. "Tunasikiliza."

"Twendeni, nimesema!"

Ukabaki ufunguo mmoja. Wote tukamtazama Othmar. Hakuwa amecheka hata kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya kifungo cha mfuko.

"Mnaniona mimi ni mbaya," akasema. "Hamphrey ameonja. Amesema ni ileile. Mnataka nifungue mlango nitoe kitu kile kile kilichomlaza Florian chini ya kichanja, nikakiweke kwenye nyumba, juu ya meza, mahali mtu yeyote anaweza kukichukua?"

Hata mbasa alisahaulika. Nikaona wanaume wanatazama chini, na nikajua wakinyamaza hivyo kidogo tu zaidi, atasema Jumanne. Nikasema mimi.

"Kaka Othmar, ni kweli. Sista hakunificha. Aliniambia hii na zile ni ndugu. Ukizidisha, mtu anasahau kupumua, ndiyo kama Hamphrey alivyokuwa. Ndiyo maana bomba lina mstari, na kila siku nausoma mara tano. Yule aliyempa Florian hakumwonyesha mstari."

Akafungua kifungo cha mfuko.

"Nitafungua," akasema. "Lakini upime mbele yangu."

Tukaenda ghalani wote, kumi na wawili na toroli. Kufuli zikafunguliwa, harufu ya kahawa ikatoka, Hamphrey akauleta mfuko wa mbolea na kuumwaga kwenye turubai. Panado. Dawa ya kuku. Dawa za presha za wazee sita, ambao nao walikuwa wanaogopa kuuliza. Dawa ya macho. Kitu cha Mzee Ignatio, alichokidaka kabla hakijagusa turubai. Othmar akachutama, akapekua kwa mkono, akapekua tena.

"Tramado ziko wapi?"

Hamphrey akajikuna.

"Nyumba arobaini na tatu," Othmar akasema. "Hamna hata kidonge kimoja cha tramado?"

"Kaka, ulitangaza Jumatano."

Othmar akabaki amechutama. Nilimwonea huruma, lakini chupa ilikuwa mbele ya goti lake, na mimi niliichukua. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Nikatoa bomba kifuani, nikavuta, nikaliinua kwenye mwanga wa mlango. Akaja akasimama karibu kabisa, macho yake na mstari sawasawa.

"Hapo?"

"Hapo. Si juu, si chini."

Bibi akafungua mdomo kama kifaranga. Akameza, akakunja uso. "Chungu kama mkutano wa kijiji," akasema.

Wanaume wakageuka kurudi kwenye masinia.

"Mnakwenda wapi?" bibi akawauliza. "Neno limeisha?"

"Si umeshakunywa, shemeji?"

"Nimekunywa. Bado halijafika mfupani."

Basi wakasubiri. Sheria ni yao wenyewe. Wanaume kumi na wawili wazima wamekaa juu ya magunia ya kahawa wanamtazama bibi kizee kwenye toroli, na mbali kidogo mbasa anapoa. Mzee Ignatio akamuuliza baada ya dakika kumi, kwa adabu, kama limefika. Akasema liko kwenye paja. Wakasubiri tena. Nikaona vidole vyake vinaachia ukingo wa toroli, kimoja, kingine. Mabega yakateremka. Akapumua ndefu, nikaanza kuzihesabu pumzi zake kama nilivyofundishwa, na nikasikia pembeni yangu Othmar naye anahesabu.

"Kuleni," bibi akasema, na akalala.

Walikula baridi, na hawakubakiza hata mwiba. Othmar hakula. Alikaa kwenye ngazi ya ghala na daftari lake, akaandika kwamba dawa zote za hospitali zirudishwe leo leo kwa wenyewe, zenye muhuri wa mviringo na zisizo na muhuri, na kwamba chupa ya Kunigunda ikae kwenye sanduku lenye kufuli nyumbani kwake, ufunguo kwa Avelina. Clemence akauliza kama hayo yameridhiwa na kikao. Othmar akamwambia akamuulize mkewe.

Kisha akamgeukia Hamphrey. "Wewe. Jumatano niliposhuka kwenye pikipiki, nani wa kwanza uliyemwona anatoka na begi?"

Hamphrey akatazama huku, akatazama kule. "Nikisema, spika itatangaza?"

"Spika nimeiweka kando."

Wakaenda pembeni, wakaongea kwa kunong'ona muda mrefu. Sikuyasikia na sikutaka kuyasikia. Nikashika mikono ya toroli, nikaanza kumpandisha bibi. Alikuwa anakoroma. Mawe hakuyataja.

Saa kumi na mbili jioni kasoro dakika tano nikasikia hodi. Alikuwa Othmar, peke yake, na sanduku la bati alilokuwa analitumia kuwekea fomu za ofisi.

"Nimeleta sanduku," akasema. "Na nimekuja kuangalia."

"Unaniangalia mimi?"

"Naangalia mstari."

"Mume wangu amerudi," bibi akasema kutoka kitandani. "Mwambie asivue viatu, sijamsamehe."

Nikamkaribisha kwenye kigoda, nikamwekea taa karibu, nikampa bomba na chupa mkononi. Akavuta polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akapitisha mstari kidogo.

"Rudisha," nikamwambia.

Akarudisha.